Jina Chini ya Barafu

Baridi ya Port Corbeau haina adabu. Hukuingia mikononi kabla hujafunga mlango, hukaa nawe tangu Novemba hadi Aprili, na watu wa pale, kando ya ziwa kuu kaskazini mwa Ontario, wameizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkorofi. Kinachowasaidia kuivumilia ni hoki ya barafuni. Timu yao, Wapasua Barafu, si kubwa. Wachezaji hulipwa mshahara wa kawaida, na baadhi yao hupanga vyumba vya juu katika nyumba za mashabiki. Hata hivyo, timu ikicheza Jumamosi, ukipita mjini utadhani watu wamehama.

Msimu ule timu ilikuwa roho mkononi. Wenye timu walikuwa wametamka waziwazi: asipopatikana mdhamini mkuu wa kutia sahihi mkataba wa miaka kadhaa kabla ya mwisho wa Machi, Wapasua Barafu watahamishiwa jiji moja la kusini. Mzigo huo ulimwangukia Raili Pelkonen, mama wa miaka hamsini na mitatu aliyeshughulikia wadhamini. Alianza kazi pale uwanjani kwa kuuza donati, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na wanawe watatu walijua kusoma kwa kusoma majina migongoni mwa wachezaji. Kwake yeye, timu kuhama ilikuwa sawa na kuvunjiwa nyumba.

Ndipo akajitokeza Gaétan Dufresne, au Dufreni, kama watu walivyolitamka jina lake, muuzaji wa matanuri ya kupashia nyumba joto. Alikuwa mchapakazi, hilo hakuna aliyelikana, ila alipenda jina lake kupita kiasi. Lilikuwa kwenye mabasi, kwenye mabenchi ya kituoni, hata kwenye vikombe vya kahawa vya kanisani. Alikubali kudhamini msimu mmoja wa majaribio kwa sharti kwamba jina lake liandikwe katikati ya uwanja, chini ya barafu, kwa herufi nyeusi tititi, kutoka ukuta hadi ukuta.

Mzee Wilf Moonias, fundi aliyetengeneza barafu ya uwanja ule kwa miaka thelathini, alitikisa kichwa.

"Raili, rangi nyeusi inakunywa joto la taa. Herufi nene hivyo zitalainisha barafu iliyo juu yake. Mwambie aandike kwa rangi ya samawati, tena kwa herufi ndogo."

"Nikimwambia hivyo atakimbia, mzee wangu."

"Na barafu ikikimbia je?"

Raili alijua mzee anasema kweli. Alijua kabisa, lakini aliogopa kumpoteza mdhamini. "Wewe ipake tu hiyo rangi," alisema, na hakuthubutu kumtazama usoni.

Jumamosi ya pili ya Desemba walikuja wapinzani wa jadi, timu ya Elk Falls. Uwanja ulifurika. Matokeo yakiwa sare na dakika moja imebaki, nahodha Slobodian alinyakua kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo, akawaacha mabeki wawili, akabaki yeye na golikipa. Watu wote walisimama. Alipofika juu ya herufi F ya Dufresne, kisahani kilinasa kwenye barafu iliyolegea kama uji. Nahodha alikipita, akageuka kukitafuta, akajikwaa na kuanguka kifudifudi. Mchezaji wa Elk Falls alikiokota, akaenda kufunga bao.

Mama mmoja wa safu ya juu akapaza sauti: "Dufresne! Zima tanuri lako!"

Lo! Kicheko kilichofuata kingeweza kuezua paa. Kufikia Jumapili mji mzima ulikuwa umepata la kusema: mwuza matanuri ameyeyusha barafu. Kanisani watu walivitazama vile vikombe vya kahawa, wakatazamana, wakashindwa kujizuia. Raili hakucheka. Alikaa jikoni mbele ya chapati zake za Kifini bila kuzigusa, akajiambia kwamba makaa haya amejipalia mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alikwenda dukani kwa Dufresne. Njiani alipita kiwanja cha barafu cha Mtaa wa Simpson, kimojawapo cha vile viwanja vya wazi ambavyo wakazi huvimwagia maji wenyewe kila majira ya baridi. Kibanda cha kiwanja, mahali ambapo watoto walikuwa wakivalia viatu vya barafu na kuota moto, kilikuwa kimepigwa kufuli. Tanuri lake lilikufa majira mawili yaliyopita, halmashauri ikasema haina uwezo. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevua glavu, anamfungia binti yake kamba za viatu huku vidole vimemwiva wekundu. Raili alisimama akawatazama hadi walipomaliza.

Dufresne hakumkaribisha kiti.

"Umenifanya kituko, mama! Mke wangu ananicheka! Nipe mkataba wangu niuchane."

"Kosa ni langu," Raili alisema. "Fundi barafu alinionya, mimi nikaogopa kukuambia usije ukatuacha. Nisamehe."

Dufresne alikuwa amejiandaa kugombana, si kuombwa radhi. Alikohoa, akasogeza kiti kwa mguu. "Haya, kaa. Lakini mimi na nyinyi basi."

Raili alikaa. Nyuma ya mwenye duka matanuri yalipangwa hadi darini, na macho ya Raili yakaenda huko yenyewe. Akamsimulia kuhusu yule mama na ndoo yake. "Mji huu una vibanda saba vya namna ile, Bwana Dufresne, na vyote ni baridi. Wewe una matanuri na mafundi. Sisi tuna wachezaji wenye mikono. Twende tukaviwashe."

"Na jina langu litakaa wapi?"

"Halitakaa popote."

"Ala! Nitoe tanuri, nitoe fundi, halafu nisiandikwe? Umekunywa nini asubuhi hii?"

"Umeandikwa kila pembe ya mji huu, bwana. Hebu niambie, nani amewahi kukupenda kwa hilo?"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Sasa nimeipoteza timu, aliwaza. Dufresne alilishika sikio lake la kushoto, ambalo ncha yake ilikuwa imepinda kidogo.

"Hili liliumwa na baridi palepale Simpson," alisema hatimaye, bila kufoka. "Nilikuwa na miaka minane, na tulipanga foleni kuingia kibandani. Haya. Kimoja tu, tuone."

Mzee Wilf alikwangua barafu ya uwanja mkuu hadi chini, jina likaondoka, na Jumapili iliyofuata wakakutana Simpson. Wachezaji walibeba mabomba na kuziba nyufa. Slobodian hakuacha kunung'unika: "Mimi mchezaji au fundi bomba?" Tanuri lilipowaka, watoto wakamiminika ndani, na msichana mmoja akamnyooshea nahodha mguu afungwe kamba.

"Wewe ndiye yule uliyeanguka?"

Mafundi wote walijifanya hawajasikia.

"Ndiye mimi," Slobodian alijibu.

"Mimi naanguka kila siku. Kaza hapo. Hapana, zaidi!"

Nahodha alicheka hadi machozi, akafunga kamba za watoto kumi na wanane siku ile, wala hakuna aliyemsikia akinung'unika tena.

Hata hivyo, Raili alikuwa ameona kitu kilichomtia wasiwasi. Ndani ya gari la Dufresne lilikuwapo bango kubwa, limekunjwa, na kamba za kulitundikia ziko tayari. Jioni ilipokaribia, Dufresne alifungua mlango wa gari, akalishika bango, akawageukia wale watoto waliokaa wakinyoosha miguu yenye soksi kuelekea motoni.

"Ukilitundika, tumerudi kulekule barafuni," Raili alimwambia taratibu.

"Wewe mwanamke una roho ngumu," alijibu, akaufunga mlango kwa kishindo. Bango likabaki ndani.

Januari waliwasha vibanda vinne, Februari viwili. Kile cha mwisho kati ya hivyo, cha saba, Dufresne alikiwasha bila kuambiwa. Mwoka mikate wa mjini naye akaja mwenyewe kuuliza kama anaweza kuwapelekea watoto maandazi, na wanawake wa Simpson wakaweka zamu ya kuchunga moto. Lakini Dufresne hakusema neno kuhusu ule mkataba wa miaka kadhaa, na Raili, aliyekwisha kumjua, hakumsukuma. Machi ilianza kuyoyoma. Wenye timu walipiga simu mara mbili kuuliza.

Siku ya mwisho ilipofika, Raili alikaa ofisini tangu asubuhi, mkataba mezani, kalamu juu yake. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Mzee Wilf alimletea kahawa, akaiweka, akatoka. Raili alikuwa ameanza kutafuta maneno ya kuwaambia wanawe mlango ulipofunguliwa na Dufresne akaingia, theluji mabegani, uso mwekundu.

"Nimekawia kwa sababu yako," alisema, akiketi kwa nguvu. "Dukani pamejaa tangu tufungue. Halafu akaingia bibi mmoja, mgeni kabisa, amekuja kuishi na mwanawe mwezi uliopita. Ananiambia, 'Kijana, naomba kiti hapo karibu na tanuri nidufreni miguu kidogo.' Nikamwuliza, 'Udufreni nini, bibi?' Akanishangaa! 'Kwani wewe si mtu wa hapa? Kudufreni ni kuota moto. Wajukuu wangu kila siku wanasema: twende kibandani tukadufreni.' Raili, hakujua ni jina la mtu! Hakujua kuwa ni mimi!"

Mtu yule aliyejibandika hadi kwenye vikombe vya kanisa alijifuta macho kwa glavu yake, bila kuona aibu.

"Ulimwambia?" Raili aliuliza.

"Nimwambie ili iweje? Nimempa kiti, amedufreni." Akaivuta karatasi. "Futa pale panaposema tangazo uwanjani. Andika vibanda saba, miaka mitano. Wachezaji waendelee kuja, na yule nahodha asikose."

Raili alifuta, akaandika, akamsogezea kalamu. Dufresne alitia sahihi kwa herufi ndogo, zisizosomeka vizuri. Mlangoni Mzee Wilf, ambaye kumbe hakuwa amekwenda mbali, alivua kofia yake. Wapasua Barafu walikuwa wamebaki nyumbani, na kwa mwuza matanuri, kwa timu yake na kwa kila atakaye jina lake lipendwe na watu, hukumu ni hii moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.