Waya wa Chumba cha Uani

“Waya hauchaguliwi kwa rangi ya ukuta.” Mmeusikia msemo huo kwa fundi, mkacheka. Chekeni, ila mjue ulikotoka. Ulitoka kwa jirani yangu Shekue, hapa hapa Ngamiani, Tanga, na ulitoka na msiba.

Shekue alikuwa akimuuguza mama yake, Bi Mwanamvua, katika chumba cha uani. Dada yake Rukia alikuwa kazini Maskati. Aliondoka kwa ugomvi, hata mkono hakumpa mama. Sasa mama anadhoofika, mwajiri hatoi ruhusa, na binti anataka jambo moja tu: amwone mama usoni, amwombe radhi.

Intaneti ya sebuleni haikufika uani, na mtandao wa simu kule haushiki. Ikabidi uvutwe waya, upite nje. Dukani muuzaji akauliza, “Utapita ndani au nje? Wa nje ni huu mweusi. Ganda lake linastahimili jua na mvua.”

Shekue akaguna. Nyumba ilikuwa imetoka kupakwa chokaa kwa ajili ya Idi. “Mweusi kwenye ukuta mweupe? Utaniharibia nyumba, ndugu yangu. Nipe ule mweupe.”

Ule mweupe ulikuwa wa ndani. Ulipendeza, sikatai, hata sisi majirani tuliusifu. Kila Ijumaa Rukia alitokea kwenye simu, akauliza dawa, akauliza chakula, na neno lenyewe akaliahirisha hadi Ijumaa nyingine. Huku nje jua la kaskazi likalipasua ganda, na masika yalipofika maji yakapenya.

Ijumaa moja ya mvua, Rukia akalia. “Mama, nimekukosea. Niwie radhi.”

Picha ikaganda pale pale. “Nimekuwia radhi, mwanangu,” mama akasema, tena na tena, mbele ya uso usiosikia. Shekue akaichukua simu, akakimbilia barazani kutafuta mtandao. Alipompata dada yake na kurudi ndani ambebe mama hadi barazani, mama hakuwa na kauli tena. Alfajiri tulimkafini.

“Amekuwia radhi, wallahi nimesikia,” Shekue alimwambia Rukia.

“Umesikia wewe, kaka. Mimi sikusikia.” Hajakanyaga Tanga hadi leo.

Matangani tukamfariji Shekue: “Kazi ya Mungu haina makosa.”

“Haina,” akajibu. “Makosa ni yangu. Waya hauchaguliwi kwa rangi ya ukuta.”