Roki ya Changamwe

Wahenga waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza hawakuwahi kuliona gari la matangazo, lakini ungedhani walikuwa wakilitazama. Maana ya methali hii ni kwamba kitu chema hakihitaji tarumbeta, kwa kuwa watu hukifuata wenyewe hadi kilipo. Kibovu ndicho kizungushwacho mitaani na kupigiwa debe mpaka masikio yachoke.

Winfred, muuzaji nyanya katika soko la Kongowea, aliijua methali hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Hakununua kreti ya nyanya kabla ya kupenyeza mkono hadi chini, maana kila mchuuzi huzipanga juu zile nyekundu zinazong'aa na kuzificha chini zilizooza. Ila alikuwa na udhaifu mmoja: udadisi. Tangu utotoni hakuona sufuria iliyofunikwa asiifunue. Basi gari la matangazo lilipoanza kupita sokoni asubuhi na jioni, likinguruma kwamba bendi kubwa ya roki ingeutikisa uwanja wa Changamwe, swali moja lilimganda kama kupe. Gitaa moja linawezaje kuujaza uwanja mzima?

"Winnie, hiyo shoo itakuwa noma!" Kamau, utingo wa lori la kabichi kutoka bara, alimchochea. "Gitaa likilia unaliskia mpaka kwa mifupa. Ukikosa, utajuta."

Winfred akanunua tiketi bila hata kuchungulia chini ya kreti.

Sasa jambo zito ni hili. Jumamosi ya tamasha ndiyo iliyokuwa siku ya kupokea mahari ya Mweri, mdogo wake wa pekee, nyumbani kwao Mwakirunge. Kwa desturi ya ukoo wao, binti hatoki chumbani kuwakabili wakwe mpaka dada yake mkubwa asimame mlangoni na kayamba, amwimbie wimbo wa kumtoa. Dada mkubwa alikuwa Winfred, tena sauti yake ilisifika mtaa mzima.

"Mama, tamasha linaanza saa sita, na wageni watafika alasiri," alijitetea. "Nitasikia wimbo mmoja tu, nirudi."

"Mshika mawili moja humponyoka, mwanangu," mama yake alijibu. "Hilo gari la matangazo lililokwambia saa sita, limevaa saa?"

Mweri hakubishana. Alimtazama tu, akasema, "Usichelewe, dada. Bila wewe nitatokaje?"

Maneno hayo yalimchoma Winfred, lakini udadisi ulikuwa umeshamshika mkono.

Saa sita ilimkuta uwanjani. Alasiri iliingia jukwaa likiwa bado linapigiliwa misumari. Kila alipokata shauri kuondoka, mtangazaji alipaza sauti kwamba bendi imo njiani, naye akaketi tena. Jua lilikuwa limeshainama vijana watatu wenye makoti meusi ya ngozi walipopanda jukwaani. Moshi ukafuka, vipaza sauti vikanguruma hadi kifua chake kikatetemeka. Kwa kitambo kidogo Winfred alifurahi kwelikweli.

Lakini mdadisi haridhiki kwa mbali. Alijipenyeza katikati ya watu hadi ukingoni mwa jukwaa, akalikagua lile gitaa kwa jicho lake la sokoni. Aliufuata waya wake kwa macho. Ulishuka, ukazunguka nyuma ya spika, na ncha yake ikalala sakafuni. Haukuchomekwa popote. Mpigaji akainua mikono yote miwili kuwapungia mashabiki, na gitaa likaendelea kulia! Kisha wimbo ukakwama, ukawa unarudia neno moja kama kasuku, ilhali mwimbaji amefumba kinywa.

"Kumbe wanatuchezea rekodi!" mtu alifoka, na chupa za maji zikaanza kuruka.

Winfred hakungoja kuona mwisho. Alikimbia nje, akapanda bodaboda. Alipofika Mwakirunge hakuweza hata kulikaribia lango la kwao. Wachimba mawe waliojaa vumbi jeupe, akina mama wenye mizigo kichwani na waendesha bodaboda waliozima pikipiki zao walikuwa wameuzingira ua, kimya.

"Kuna nini?" alimwuliza mchimba mawe mmoja.

"Mweri anatolewa. Wakwe walishasimama kwenda zao, shangazi mtu akashika kayamba. Hebu sikiliza!"

"Mmealikwa na nani?"

"Kualikwa? Tumesikia, tukaja."

Sauti ilikuwa ya shangazi Selpher, ambaye hakuwahi kuimba nje ya jiko lake. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, bila kipaza sauti, nayo iliwafanya watu wazima wajifute machozi. Mweri akatoka akiwa amefunikwa leso, vigelegele vikapaa. Winfred alimwona kutoka nje ya ua, katikati ya wapita njia. Aliona haya, akalia.

Wageni walipoaga, Mweri alimfuata uani.

"Uliisikia roki, dada?"

"Nilikwenda, mdogo wangu. Lakini roki yenyewe haikuwapo."

"Nawe hukuwapo," Mweri alisema, akaingia ndani.

Winfred alibaki uani peke yake. Uwanja wa Changamwe na ua wa kwao vilikuwa vimekwisha kuamua siku hiyo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.