Siku Nyati Alipobebwa na Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapikiana uji na kuazimana vinu, palikuwa na kijiji kilichoitwa Mlimagongo. Humo aliishi Nyati, na jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Pimbi.

Pimbi mnamjua. Hana pembe, hana mkia, na hata leo mtu akitaka kumdharau mwenzake mfupi humwita pimbi. Yeye mwenyewe hakujali. Alikuwa akiota jua juu ya jiwe lake na kusema, "Niiteni mtakavyo, mradi mniite mapema kabla chakula hakijaisha."

Sasa, Mlimagongo walikuwa na desturi yao. Mganga wao, Bibi Kakakuona, alikaa ng'ambo ya kilima, na mgonjwa hakwenda kwake kwa miguu. Alibebwa. Tena mgonjwa hakufungua kinywa mbele ya mganga. Aliyembeba ndiye aliyemsemea, kwa sababu, walisema wao, maumivu humchanganya mwenye nayo.

Mbebaji alikuwa Nyati, kama baba yake kabla yake. Njiani alimhoji mgonjwa taratibu, na akifika alieleza kila kitu bila kukosea, hata mgonjwa akashangaa kusikia ugonjwa wake ukielezwa vizuri namna ile. Hakuna aliyewahi kumsikia akimjibu mganga "sijui". Hilo ndilo lililokuwa fahari yake, na kijiji kizima kilijivunia pamoja naye.

Basi masika yalipopita, Nyati akaanza kufifia.

Pimbi ndiye aliyegundua kwanza, maana wimbo wa Nyati wa kuteka maji ulikatika. Halafu majani yakaota kwenye njia ya mlangoni kwake. Halafu mlango wenyewe ukawa haufunguliwi mpaka jua limepanda. Pimbi akaenda kubisha hodi.

"Kaka Nyati, umzima?"

"Nimechoka tu, dada."

"Umefanya kazi gani?"

Nyati akafikiri kwa muda mrefu. "Hakuna," akasema.

Pimbi akamwita Ngiri aje amwone. Ngiri alikuwa jirani mwema, ila alipenda kutoa ushauri kuliko kusikiliza. Alisimama mlangoni, mkia juu, akasema, "Dume zima hili! Jikaze, bwana. Mambo ya moyo mtu huyamaliza mwenyewe."

"Ndivyo nifanyavyo," akajibu Nyati. "Nitajiinua mwenyewe. Mimi ndiye mbebaji. Nani atanibeba mimi?"

Na kweli alijaribu, wanangu, msije mkasema alikuwa mvivu. Alfajiri alikwenda mtoni akajitumbukiza kwenye maji ya baridi, chubwi! Alipanda kilima mbio mpaka mapovu yakamtoka. Alijitukana kwa sauti, akidhani matusi yatamwamsha. Kisha alirudi, akakaa palepale alipokuwa amekaa jana, na kichwa kikainama.

Jioni moja Pimbi alimletea majani mabichi. Nyati hakuyagusa. Alisema taratibu, bila hasira, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Unajua, Pimbi, hiki kijiji kingekuwa chepesi bila mimi."

Pimbi alirudi nyumbani. Aliogopa kuliko siku aliyoona kivuli cha tai juu ya watoto wake. Nyati huyu ndiye aliyembeba mama yake kwenda kwa mganga na kumrudisha mzima, akamwimbia njia nzima. Akimwambia twende kwa mganga, atakataa. Akimsukuma, ataona raha gani kusukumwa na kitu kisichozidi kwato lake? Pimbi akakaa juu ya jiwe akafikiri. "Kiburi ndicho kinachomfungia ndani," akajisemea. "Basi kiburi hichohicho kitamfungulia."

Asubuhi akatafuna kipande cha shubiri. Uchungu wake, ulimi ukafa ganzi, macho yakatoka machozi, mate yakamchuruzika. Akajikokota mpaka mlangoni kwa Nyati, akajiangusha chini, pu!

"Kaka, nakufa."

Nyati akamtazama kutoka mkekani. "Mwite Ngiri akubebe."

"Ngiri ananuka matope. Na tangu lini mgonjwa wa Mlimagongo akaangukia mlangoni kwa mbebaji akaambiwa nenda kwa jirani?"

Nyati akainua kichwa. Pimbi, jicho moja wazi, alimwona akilivuta kwato la kwanza, kisha la pili, kama anayeyang'oa ardhini. Alisimama. Alipumzika. Akapiga magoti, na Pimbi akapanda mgongoni akigugumia, "Ayaa, ayaa, pole pole, kaka, mbavu zangu."

Safari ilikwenda kidogokidogo. Nyati alisimama kila penye kivuli, na kila aliposimama Pimbi aliongeza kuugua ili asigeuke. Katikati ya njia Nyati akamuuliza, kama kawaida yake, "Unaumwa wapi?"

"Usiniulize. Nikisema, roho inatoka."

"Sasa nitamwambia nini mganga?"

"Wewe ni mbebaji," akasema Pimbi, akafumba macho.

Wakafika. Bibi Kakakuona alikuwa mwenye haya sana, mtu akimkodolea macho hujiviringa kama mpira. Kwa hiyo aliuliza akiwa ameinamia chungu chake.

"Mmeniletea nani?"

"Pimbi, Bibi."

"Ana nini?"

Nyati akafungua kinywa, akakuta hakuna kitu. Maisha yake yote hakuwahi kusimama pale bila jibu. Neno "sijui" lilimfika kooni, akalimeza. Akamtazama yule mdogo aliyelala hoi, akaanza na kile alichokijua.

"Hana mahali pa kushika na kusema ni hapa panapouma," akasema. "Si kichwa wala tumbo."

"Analala?"

"Analala mchana kutwa, na akiamka amechoka kuliko alivyolala."

"Chakula?"

"Anatafuna. Hakina ladha. Majani mabichi anayaona kama mkeka mkavu."

"Amefiwa?"

"Hakufiwa, na hakuna aliyemkosea." Sauti ya Nyati ikashuka. "Hilo ndilo linalomtia aibu, Bibi. Angekuwa na msiba angelia, na watu wangekaa naye. Atalilia nini, na ghala limejaa?"

Pimbi alikuwa amejilaza kimya. Shubiri ilikuwa imekwisha kinywani, lakini machozi bado yalimtoka.

"Amejitibu vipi?" akauliza Kakakuona.

"Anajikaza. Alfajiri anajitumbukiza mtoni."

Kakakuona akakoroga chungu. "Pimbi anaoga mtoni?"

"Anaoga," akasema Nyati, hakuwa anasikiliza tena. "Halafu anapanda kilima mbio. Haisaidii. Anawaza kwamba wenzake wangepumua vizuri asipokuwepo. Na asubuhi, Bibi, asubuhi ndiyo mbaya. Anashindwa kuinua kichwa, pembe zinamlemea hata..."

Akageuza shingo.

Moto ulilia tatata chini ya chungu. Nyati akamtazama Pimbi kuanzia puani mpaka pale ambapo wenzake wana mkia.

"Pimbi hana pembe," akasema.

"Nimeona," akasema Bibi Kakakuona.

Nyati akapumua puani, fyuuu, vumbi likatimka. "Wewe kiumbe umenidanganya!"

"Nimekudanganya, kaka," Pimbi akajibu akiinuka na kukung'uta manyoya. "Tena nimetafuna shubiri asubuhi yote kwa ajili yako, sasa sijui kama uji nitausikia tena. Nikanyage ukitaka. Lakini umeshasema, na mganga ameshasikia."

"Nilisema nitasimama mwenyewe!"

Hapo Kakakuona, pamoja na haya yake, aliinua uso. "Na umesimama mwenyewe," akasema. "Kilima umekipanda kwa miguu yako, huyu hawezi kuinua hata kwato lako moja. Dawa pia utakunywa mwenyewe, hakuna jirani atakayekunywea. Ila hakuna mgonjwa aliyewahi kuiona njia ya huku akiwa amejifungia ndani peke yake. Ulilonieleza ni ugonjwa, Nyati, na una jina. Unaitwa sonona. Wakubwa kuliko wewe wameuleta hapa."

Nyati aliposikia una jina, akakaa chini akalia, kwa kwikwi nzito, na Pimbi akaja akaegemea ubavu wake akalia pia, maana hakuwa na kingine cha kufanya.

Msidhani alipona siku ileile. Alipewa mizizi ya kuchemsha, akaambiwa arudi kila siku ya gulio aongee, na asije peke yake. Zilikuwepo asubuhi ambazo hakuamka, na Pimbi alikaa kizingitini bila kusema lolote mpaka mlango ukafunguka. Ngiri naye, baada ya kufukuzwa mara kadhaa na ushauri wake, alijifunza kufyeka majani njiani na kufunga mdomo.

Mavuno yalipoingia, kijiji kikamsikia Nyati anateka maji huku anaimba. Wakapika, wakakusanyika. Ngiri akashiba, na alipokwisha kushiba akasahau aliyojifunza. Akasimama.

"Jamani, nilisema mimi! Dume ni dume. Nyati ameugua na kujiponya mwenyewe, hakubebwa na mtu."

Watu wakapiga vigelegele. Nyati akainuka pale alipokaa, mabega mapana, pembe zimeinuliwa juu kama siku za ujana wake, na wote wakanyamaza kumsikiliza.

"Nilibebwa," akasema.

"Na nani?" akauliza Ngiri.

"Na Pimbi."

Kicheko kilichopasuka hapo, wanangu, kiliamsha vifaranga. Wengine walishika mbavu. Nyati hakukasirika wala hakuinamisha kichwa. Alingoja mpaka wa mwisho akamaliza kucheka.

"Nimewabeba nyote," akasema. "Najua uzito wa kila mmoja wenu. Mzito kuliko nyote nilikuwa mimi, na katika kijiji kizima ni huyu peke yake aliyeniweza."

Akapiga magoti mbele ya watu. Pimbi akapanda mgongoni, safari hii bila kuugua, akapita mpaka kichwani akakaa wima katikati ya zile pembe mbili na kuwatazama wote kutoka juu. Angekuwa na mkia, angeuinua.

Hadithi nimeibeba mpaka hapa, chukueni ninyi muifikishe kwenu, na mkiulizwa inafundisha nini, semeni: hata mbebaji hubebwa.