Jiwe la Jikoni Ardvane

Hii nimetumiwa asubuhi na shemeji yangu, mtu ambaye siku zote hutuma picha za maua tu. Leo kanikomesha. Nimeiandika upya kwa maneno yangu, kwa hiyo ukikuta chumvi imezidi, ni mimi. Isome yote, usirukie mwisho.

Huko Uskoti, nchi ya mvua na baridi, palikuwa na kasri la mawe liitwalo Ardvane. Wamiliki saba walikuwa wamepokezana kasri hilo, mmoja baada ya mwingine.

Watu wa kule walikuwa na desturi yao ya kuuziana. Ukiuza shamba, unamkabidhi mnunuzi udongo kiganjani. Ukiuza nyumba, unachomoa jiwe kwa mkono wako kwenye ukuta uliosimama, mbele ya mashahidi, unampa. Jiwe la kuokota chini halikuhesabiwa, na aliyeshindwa kulichomoa hakuhesabiwa mwenye nyumba.

Mmiliki wa saba aliitwa Bwana Torkil. Huyu bwana alipenda kuonekana. Alichonga jina lake juu ya lango, kubwa kuliko yale sita ya waliomtangulia, akatundika na bendera. Kazi ambayo hakuitaka hata kuisikia ni kuziba kuta. Kule maji huingia kati ya mawe, baridi ikija yanaganda na kusukuma chokaa nje. Kwa hiyo kila mwaka baridi ikiisha, lazima mtu apande ngazi ajaze chokaa mpya.

Mpishi wake, Mairi, aliishi jikoni pamoja na mama yake mzazi aliyepooza miguu. Siku moja alimwendea bwana wake.

"Bwana, ukuta wa jikoni unapitisha upepo. Mama anakohoa mchana kutwa."

"Wageni wangu hawaingii jikoni," Torkil akasema.

"Basi naomba chokaa, nizibe mwenyewe."

"Chukua. Ila supu yangu isichelewe."

Mairi aliumia sana kwa jibu hilo, lakini chokaa alichukua. Siku hiyo hiyo, baada ya kuosha vyombo, alichanganya chokaa na mchanga, akakwangua mianya kati ya mawe, akashindilia kwa vidole mpaka ngozi ikachubuka. Wenzake wakamtania, "Fundi mwashi, leo tunakula nini?" Yeye akaendelea kushindilia. Mwaka uliofuata akarudia, na uliofuata tena. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa.

Kasri lenyewe je? Paa la ukumbi lilianguka mwaka wa nane. Mnara wa mashariki ukafuata. Torkil alikuwa akihamisha kiti chake chumba hadi chumba kukimbia matone, na bado anazungumzia bendera. Mwisho akaamua kuuza.

Mnunuzi alikuwa mfugaji wa kondoo, jina lake Gilchrist. Alitaka malisho tu, na kila kilichobaki kibomolewe. Mairi akaambiwa afungashe virago, yeye na mama yake. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

"Siondoki," akasema.

"Utatolewa," Torkil akamjibu.

"Basi watanikuta nimekaa."

Siku ya makabidhiano ikafika. Mashahidi wakakusanyika, karani akafungua daftari lake. Torkil alimpa Gilchrist udongo wa shamba, hilo likapita salama. Kisha karani akasema, "Sasa jiwe la nyumba."

Torkil akaenda kwenye ukuta wa ukumbi, akashika jiwe kwa vidole viwili. Likatoka laini kabisa, na ukuta mzima ukalifuata. Watu wakatawanyika. Vumbi lilipotulia, karani alipangusa daftari lake.

"Bwana, ukuta uliosimama hauko tena. Hilo sasa ni jiwe la chini."

Torkil akaenda langoni, akavuta jiwe. Lango nalo likalala, pamoja na jina lake na majina yale sita.

Ukabaki ukuta mmoja tu, wa jikoni. Mairi alikuwa amekaa mlangoni na mama yake, mwiko wa chokaa mapajani. Torkil akashika jiwe, akavuta. Halikutikisika. Akashika lingine, akaegemeza mguu ukutani, akavuta mpaka ukucha ukang'oka. Akaomba mtalimbo.

"Kwa mkono, Bwana," karani akasema. "Desturi ni kwa mkono."

"Huyu mwanamke kayafunga mawe yangu," Torkil akalalamika.

Hapo mimi nilicheka peke yangu kama mwehu. Mtu analalamika kwamba nyumba yake ni imara.

Gilchrist akasogea, akapitisha mkono ukutani. Kwenye chokaa aliona alama za vidole, mstari juu ya mstari.

"Kazi hii ni ya nani?"

"Ni yangu," Mairi akasema.

"Huyu ni mpishi tu," Torkil akaingilia.

"Basi toa jiwe," Gilchrist akamwambia.

Torkil akaangalia vidole vyake vinavyovuja damu, akavificha kwapani.

Karani akamgeukia Mairi. "Wewe je, unaweza kutoa jiwe kwenye ukuta huu?"

Mairi akainuka, akaweka kiganja chake kwenye jiwe moja karibu na dirisha.

"Hili naweza. Nalijua lilivyokaa, maana liliwahi kulegea nikalipanga upya mimi. Lakini silitoi."

Karani alimwangalia Gilchrist. Gilchrist akatikisa kichwa kukubali, udongo wake bado mkononi. Ndipo karani akainama na kuandika mstari mmoja tu: "Mwenye nyumba amekataa kuuza."

Kasri la Ardvane ni gofu mpaka leo. Majina saba yamelala kwenye magugu na kondoo wanapita juu yake. Ukuta wa jikoni umesimama, na mama yake Mairi alizeekea nyuma yake bila kupigwa na upepo.

Funzo: Kitu ni cha yule anayekihangaikia kila mwaka bila kuchoka; aliyechonga jina lake langoni huanguka pamoja na lango.