Vibanio vya Mhunzi Shekalaghe

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya kusokotea kamba za katani, jina lake Semkiwa. Wasokotaji wake walikuwa ndugu watupu, na desturi yao ilikuwa moja. Kila mmoja alirithi kamba mama ya nyuzi mbili. Kabla ya kusokota mpya alizifungua nyuzi zile, akaiga msokoto wake, kisha akazifunga tena. Kamba zikitosha, alipumzika.

Mmoja wao, Mbaruku, aliacha kupumzika. Kamba zake zilijaa ukumbini, zikaziba madirisha, zikaanza kuziba mlango wa chumba alimolala mama yake Semkiwa, mgonjwa asiyeweza kutoka. Kumfukuza hakukuwezekana. Alivaa kama wenzake, na akitolewa mlango huu aliingia kwa ule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Semkiwa akamwendea Shekalaghe, mhunzi. Huyu alifua vibanio vidogo vya chuma vyenye meno mawili. Kibanio kikiuma kamba mama, nyuzi haziachani tena, na kamba isiyofunguka haiigwi. Akavimwaga nyumba nzima, akaenda zake akijisifu kimoyomoyo.

Mbaruku alisimama kweli. Lakini msokotaji wa kamba ya kisima naye alisimama, maana kamba ya kisima hulika upesi na yeye pia hufungua kamba mama kila mara. Mama akapata hewa, akakosa maji. Mbaya zaidi, Mbaruku alijifunza kung'oa vibanio kwa kucha, akarudia kazi yake.

Semkiwa alimwita mhunzi, akamwonyesha ndoo kavu. "Bwana Shekalaghe," alisema, "mlango umenifungulia, lakini mama yangu atakufa kwa kiu."

Maneno hayo yalimchoma Shekalaghe, kwa kuwa alizoea kusifiwa makali ya chuma chake. Aliona aibu. Hakukimbilia fuawe, alikaa ukumbini akitazama mikono ya watu. Kuyang'oa meno ya vibanio kusingefaa kitu, maana Mbaruku asingezuilika. Ila aligundua kwamba wengine hushika kamba na kuiacha, viganja vikapoa, na viganja vya Mbaruku havikupoa asilani.

Basi akafua vibanio vipya, vidogo zaidi, vyenye meno yaliyopinda ndani ili kucha zisivipate. Kila kimoja akakivika nta. Vilipita mikononi mwa ndugu bila kuwadhuru. Mikononi mwa Mbaruku nta iliyeyuka, meno yakatoka, kamba mama ikaumwa kabla hajatambua, naye akasimama.

Msokotaji wa kisima, naye mwenye mikono ya moto kidogo, aliumwa kamba mara moja moja. Kwa muda nyumba ilikunywa maji kwa kujibana. Lakini ilikunywa, na mama akaishi.

Nanyi mnaogeuza madini kuwa dawa ya saratani, ya kubana nyuzi za urithi ndani ya seli zisizopumzika, chuma chenu kinajua kuuma. Je, mmekwisha kukifundisha kungoja?