Ziwa Lisilokuwamo Kwenye Mashine

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, leo nawaachia kazi ya kichwa.

Huko bonde la Kyela, Tusekile alijifungua binti ndani ya darasa la shule, juu mlimani, huku mafuriko yakimeza mashamba ya mpunga kule chini. Nyumba yake ilikwenda na maji. Lakini yeye, kichanga chake na kijiji kizima walikuwa hai, kwa sababu walionywa mapema wakahama. Vigelegele usiseme! Tusekile akaapa kwamba mwanawe atachukua jina la aliyewaokoa. Alipouliza ni nani, hapo ndipo kasheshe ilipoanza, maana walikuwa wanawake watatu, wote wataalamu wa hali ya hewa.

Solveig wa Norwei alikuwa na zamu kwenye kompyuta kubwa ya kutabiri mvua, zamu ambayo wenzake huigombania. Utafiti wake mwenyewe ulikuwa umebakiza kidogo tu ukamilike. Akauweka kando, akawapa zamu yake yote wenzake wawili wanaoishi kando ya Ziwa Nyasa.

Lugano, mwenyeji wa Kyela, alifungua ramani iliyokuwa ndani ya mashine ile, akashika kichwa. "Jamani, Ziwa Nyasa liko wapi?" Walioitengeneza waliishi mbali, wakalihesabu ziwa zima kuwa nchi kavu! Ndiyo maana kila masika ilitabiri manyunyu huku watu wanazama. Lugano akaliingiza ziwa, ghuba kwa ghuba.

Lakini ziwa la kwenye ramani halina joto, na joto la maji ndilo linalokuza mvua ya huko. Tadala, wa ng'ambo ya Malawi, alikuwa amelipima miaka nenda rudi, watu wakimcheka. Akatoa vipimo vyote. Mashine ikakokotoa upya, na safari hii ikasema kweli: mafuriko, ndani ya wiki hiyo!

Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, watatu hao walikuwepo.

"Mwite Tadala," alisema Lugano.

"Thubutu! Bila Lugano vipimo vyangu vingeozea kabatini."

Solveig akacheka. "Mimi nilitoa zamu tu."

"Tu?" Tusekile alimkatiza. "Dada, wangepigia hesabu wapi, mchangani?"

"Jina ni moja, mama," mama mkwe wake alimkumbusha. "Watu wanasubiri."

Tusekile akamwinua binti yake juu, machozi ya furaha yakimtiririka, na kijiji kikalipuka kwa shangwe kabla hata hajatamka neno. Kisha wote wakatega masikio.

Haya, mtoto yuko mikononi mwako. Unamwita nani?