Jongoo Aliyekataa Kuweka Matanga

Mpo?

— Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Basi yategeni. Nitasema polepole, maana sina haraka ya kwenda popote.

Hapo zamani, zamani sana, kabla bibi ya bibi yangu hajazaliwa, wadudu walikuwa na mji wao. Mji huo ulikuwa mlimau mmoja nyuma ya nyumba, pale yanapopita maji ya kuogea. Juu walikaa wenye mabawa. Katikati walikaa wenye kula majani. Chini, penye majani makavu, walikaa wenye kutembea.

Chini ndiko alikokaa Jongoo. Alikuwa mjane, na watoto wake wote alikuwa amewazika. Wa kwanza alichukuliwa na maji ya mvua. Wa pili aliliwa na kuku. Wa tatu aliugua tu, akafa. Jongoo alisema Mungu ndiye mwenye watoto.

Siku moja akaja kipepeo, akataga yai moja juu ya jani changa la mlimau, akaenda zake. Yai lilikuwa dogo na la mviringo, rangi yake manjano. Siku ya nne likapasuka, akatoka Kiwavi. Akala ganda la yai lake. Akala jani. Akala jani la pili. Akala la tatu.

Kiwavi huyo alikuwa mweusi mwenye baka jeupe, kama kinyesi cha ndege kilichodondoka juu ya jani. Akatazama chini, akamwona Jongoo anapita.

"Mama," akasema, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo, "mbona mimi ni mbaya hivi?"

"Ubaya huo ndio unaokusitiri, mwanangu. Umewahi kuona ndege anakula choo cha ndege mwenzake?"

"Sijawahi."

"Basi mshukuru Mungu, ule."

Kiwavi akala. Alivua ngozi moja akavaa nyingine, akawa wa kijani kama majani yenyewe. Na alipoguswa, alitoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa, zikanuka vibaya sana.

Jongoo alicheka. "Hata mimi nikishikwa natoa maji yanayonuka. Sisi ni jamaa, hilo halina ubishi."

Wakaishi hivyo. Kila asubuhi Jongoo aliuliza, "Umeamkaje?" Na Kiwavi alijibu kinywa kimejaa, "Salama, Mama."

Ikafika asubuhi moja, kinywa chake hakikuwa na kitu.

"Mama, nataka kulala."

"Lala, mwanangu. Jana ulikula sana."

"Si usingizi huo. Nitanyamaza. Ukiniita sitaitika. Usinililie, na usiwaache wanizike. Ningoje."

"Nikungoje siku ngapi?"

"Sijui."

"Nani amekwambia habari hizi?"

"Hakuna. Nazisikia tu mwilini."

Kiwavi akatafuta kijiti kizuri cha mlimau. Akasokota uzi wa hariri, akajifunga kiunoni kama mkwezi anavyojifunga kamba. Kesho yake akavua ngozi yake ya mwisho, ikaanguka chini. Kilichobaki juu kilikuwa ganda gumu lisilo na macho, lisilo na mdomo, lisilo na miguu.

Sasa sikieni desturi ya mji ule. Mdudu asiyekula siku tatu, na asiyeitika akiitwa mara tatu, huyo alihesabiwa maiti, akazikwa kabla jua halijachwa. Waziki walikuwa Sisimizi. Waliwazika watu nyumbani kwao, chini ya ardhi. Hakuna aliyewahi kuliona kaburi hata moja, na hakuna aliyeuliza. Ila Sisimizi walikuwa wanene.

Siku ya tatu Sisimizi wakaja. Mbele alitangulia Mkuu wao.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," akasema Jongoo.

"Tumesikia una msiba."

"Mmesikia kwa nani? Mimi sijaupata."

Mkuu wa Sisimizi akapanda mpaka kwenye ganda. Akaita, "Kiwavi!" Kimya. "Kiwavi!" Kimya. "Kiwavi!" Kimya.

"Haitiki. Na zaidi ya hapo, hanuki. Alipokuwa hai, mtu akimgusa alinuka mpaka barabarani. Nimemgusa, hanuki. Amekufa."

"Wewe umezika wangapi?" akauliza Jongoo.

"Wengi. Sina idadi."

"Katika hao, nani hakunuka?"

Mkuu wa Sisimizi akafikiri. Wote waliowazika walikuwa wamenuka.

"Tutarudi," akasema.

Siku ya sita wakarudi. Ganda lilikuwa limegeuka rangi, limekuwa la hudhurungi kama kijiti chenyewe.

"Hodi hapa! Mama Jongoo, hebu mtazame. Ameoza. Na hizi hapa chini ni nini?"

Walikuwa wameiokota ile ngozi. Na katika mji ule, mtu akifa nguo zake hugawiwa. Nguo zikishagawiwa, hata mwenyewe angeamka, asingekuwa na chake.

"Hizi ni nguo za marehemu," akasema Mkuu wa Sisimizi. "Tunazigawa leo. Weka matanga, mama. Tandika mkeka, tukae."

"Mtoto akikua nguo humbana, akazivua," akasema Jongoo. "Mnaona ajabu gani? Ninyi hamvui nguo?"

"Sisi hatuvui."

"Ndiyo maana hamkui."

Baadhi ya Sisimizi vijana wakacheka, kisha wakaona aibu. Jongoo akaichukua ngozi, akaikalia. Sisimizi wakaondoka wamekasirika.

Walipokwenda, Jongoo alibaki na hofu. Tangu asubuhi ile ya kulala, hata yeye alikuwa hajasikia sauti. Akaenda kwa Nondo, aliyekuwa amelala mchana ule kwenye ukuta wa nyumba. Nondo alikuwa mnene, mwenye manyoya mwilini, vipapasio vyake kama vitawi vya manyoya, mabawa ameyalaza bapa ukutani kama shuka.

"Nondo, samahani nakuamsha."

"Umeshaniamsha, sema."

"Wewe nawe ulikuwa kiwavi?"

"Nilikuwa. Nikajifunika blanketi la hariri nililolisokota mwenyewe, nikalala."

"Mwanangu amelala bila blanketi. Ana uzi mmoja tu wa kiunoni."

"Ukoo wao ndivyo wanavyolala. Sisi wa usiku tunajifunika. Wale wa mchana wanajitundika tu."

"Na je, wote huamka?"

"Hapana, bibi. Siyo wote. Wenzangu watatu hawakuamka."

"Na mle ndani kuna nini?"

"Sijui. Nililala nina miguu mingi, nikaamka nina mabawa. Katikati sikuona kitu. Huko ni kwa Mungu."

Jongoo akarudi nyumbani. Hakuwa amepata jibu la kutosha, lakini alikuwa ameahidi. Akapanda mlimau polepole, mguu baada ya mguu, akafika kwenye kile kijiti.

Siku ya tisa Sisimizi wakaja kwa safu ndefu, hawakupiga hodi. Walikuja kuukata uzi.

Wakamkuta Jongoo amejiviringisha kwenye kijiti, chini kidogo ya ganda, hakuna njia ya kupita. Sisimizi wa kwanza akamuuma. Jongoo akatoa maji yake ya manjano yanayochoma. Wa kwanza akaanguka. Wa pili akajaribu, akaanguka. Wa tatu akasikia ile harufu, akageuka nyuma mwenyewe.

"Ondoka, bibi!" akapiga kelele Mkuu wa Sisimizi. "Unavunja desturi!"

"Kijiti ni cha Mungu. Nimekaa."

"Huli?"

"Nikishuka kula mtapita."

"Basi na tukae," akasema Mkuu wa Sisimizi. "Siku tatu si nyingi. Asiyekula siku tatu na asiyeitika mara tatu, tunamjua. Tutabeba wawili kwa safari moja."

Wakakaa. Siku ya kwanza wakaita, "Jongoo!" Akajibu, "Labeka," kwa sauti yake yote. Siku ya pili wakaita, akajibu chinichini. Miguu yake ilianza kulegea. Jua lilikuwa kali, na jongoo hawawezi jua.

Siku ya tatu asubuhi, Mkuu wa Sisimizi akasimama.

"Jongoo!"

Kimya.

"Jongoo!"

Kimya. Sisimizi wakajipanga.

"Jongoo!"

"Nipo," akasema Jongoo. "Nilikuwa naomba dua. Hamna adabu?"

Na hapo juu yake ganda likapasuka mgongoni. Kikatoka kichwa chenye macho makubwa. Vikatoka vipapasio viwili vyembamba, ncha zake nene kama za njiti ya kiberiti. Ukatoka mwili, na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa maji. Huyo mdudu akaning'inia, akatulia, akayajaza mabawa damu yake polepole. Yakanyooka. Yakawa meusi yenye madoa ya manjano.

Sisimizi wakarudi nyuma. "Huyu hatumjui," akasema Mkuu wao. "Sisi tulikuja kwa mwingine." Wakashuka kwa safu ileile, bila kuomba radhi.

Kipepeo akatazama chini. "Mama, mbona umekonda?"

"Yaani umeamka na hilo?" akasema Jongoo. "Subiri, hapa kando yako kuna jani changa. Kula."

"Sina meno tena, Mama. Nina mrija tu, wa kunywea maua."

"Basi nenda kwenye maua."

Akaenda. Kila siku alikwenda jua likiwaka, na jua likipungua alirudi, akayakunja mabawa yake yakasimama juu ya mgongo, akamsimulia Jongoo habari za maua. Akaishi hivyo majuma matatu. Mabawa yakaanza kuchanika kando. Rangi ikamtoka.

Asubuhi moja Jongoo alimkuta chini ya mlimau, amelala ubavu. Akamwita mara tatu, yeye mwenyewe, kwa sauti ya taratibu. Kisha akaenda mpaka mlangoni kwa Sisimizi.

"Hodi. Njooni mmchukue mwanangu."

Sisimizi wakaogopa kutoka. Mkuu wao akachungulia. "Bibi, tuna hakika gani? Safari ile ulitufukuza."

"Safari ile aliniambia nimngoje, nikangoja, akaja. Safari hii hakuniambia neno. Sasa ni zamu yake kuningoja mimi."

Wakambeba. Jongoo akawasindikiza mpaka mlangoni, akasimama hapo mpaka ncha ya bawa ilipoingia chini ya ardhi. Kisha akarudi nyumbani kwake, akafagia, akatandika mkeka, akakaa siku tatu. Majirani wakaja, naye akawaambia, "Karibuni."

Tangu siku hizo, jongoo akiguswa hujiviringisha. Na sisimizi wakimkuta amejiviringisha humzunguka kwa mbali, maana hawana hakika kama ataitika.

Ngano hii inatufundisha hivi: aliyenyamaza usimfanye maiti kwa haraka ya kugawa nguo zake. Na yule ambaye Mola wake amemwita kweli, tandika mkeka umlilie, umwache aende. Kuyatambua hayo mawili ni kazi ngumu, na tumwombe Mungu atusaidie.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyechoka nayo ailaze, aliyeipenda aibebe.

— Tumeibeba.